Ingali Maji

Majira ya baridi ya kwanza Winnipeg
nilioga maji ya moto mpaka kioo kikatokwa jasho.
Nusu saa, dakika arobaini, nimejikunyata
chini ya bomba kama kifaranga,
na nikitoka, ngozi inanibana
kama gauni la mtoto wa miaka tisa.

Ikapauka. Si ule mpauko wa utotoni,
wa kuandika jina kwenye muundi kwa ukucha
na kulifuta kwa mate kabla mwalimu hajaona.
Huu ulimwaga unga juu ya zulia
kila nilipovua soksi,
na usiku kucha, kucha hazikulala.

Nikadhani ni husuda. Nikadhani ni sabuni.
(Ilikuwa sabuni, kwa sehemu. Ile ya waridi,
ya dola mbili, inayonukia harusi ya watu.)

Bi Erlinda wa duka la dawa, mtaa wa Sargent,
alinishika mkono juu ya kaunta
akaugeuza kama anayekagua samaki.
"Maji ya uvuguvugu," akasema. "Dakika kumi, basi.
Taulo usijisugulie, jigusegushe tu.
Halafu mafuta mazito, yasiyo na manukato,
mwili ungali na unyevu. Una dakika tatu.
Zikipita, unapaka ukuta."

Dakika tatu! Nilicheka hadi foleni ikanigeukia.
Maana shangazi yangu Mashavu
alinipigia methali hiyo miaka kumi na minane:
ngozi ivute ingali maji,
akimaanisha ndoa, akimaanisha yule fundi saa wa Korogwe,
akimaanisha kwamba mimi nakauka.
Leo nina miaka arobaini na mmoja,
nimesimama uchi bafuni, ghorofa ya tatu,
kopo mkononi, natii.

Basi nimekuwa mtu wa taratibu.
Sufuria ya maji juu ya kipasha joto, hewa nayo inywe.
Glavu za mpira kwa vyombo, za sufu kwa kituo cha basi.
Magaga nayapaka kabla ya kulala, navaa soksi za pamba
kama mgonjwa, au kama mwali.
Na mwezi Machi, theluji inaponirudishia jua usoni
mara mbili, deni na riba yake,
napaka kinga ya jua, weusi wangu na yote.

Kazini, saa moja asubuhi, namwogesha Bi Thorvaldson.
Miaka tisini na miwili. Ngozi yake ni ganda la kitunguu,
mishipa unaisoma chini yake.
Nayapasha mafuta kwanza viganjani mwangu,
nateremka nayo kutoka gotini, polepole,
nikifuata vinyweleo vinakoelekea.
Jana alisema, macho yake dirishani,
kwamba miguu hiyo haijaguswa na mtu
tangu Einar afe, ila na madaktari,
na madaktari hawahesabiki.
Sikujibu. Niliurudia mguu wa kushoto
ingawa ulikuwa umeshakolea.

Usiku napaka wangu. Shingo, viwiko,
nyuma ya masikio, tumbo, mapaja.
Dakika ya kwanza. Ya pili.
Kisha kuna pale katikati ya mabega,
papana kama kisahani cha chai,
mikono yangu hapaifiki, kwa juu wala kwa chini.
Nimefunga kitambaa kwenye mwiko
niliotoka nao nyumbani ndani ya sanduku;
tangu hapo, kwa ugali, mwiko huo ni mwiko.
Nauchovya, naupitisha nyuma ya bega,
napapasa kwa kukisia,
huku maji yakinikauka.