Nafasi Baada ya Figo

Maoni hayana majina. Tulikubaliana hivyo.
Lakini Darkhan ni mji mdogo, chuo cha wauguzi ni kidogo zaidi,
na Dulmaa namjua kwa alama zake tatu za mshangao.

Je, jaribio la mtandaoni lilikuwa rahisi kutumia?
Moja ni gumu, tano ni rahisi.
Wastani umetoka tatu nukta nne.
Nimeukodolea macho mpaka chai ya maziwa ikafanya utando:
hakuna hata mmoja aliyesema tatu nukta nne.

Mmoja kasema: saa ile nyekundu inayohesabu kurudi nyuma,
iondoeni, au ifanyeni ndogo;
naisikia kifuani kabla sijaisoma.

Mwingine: "Wasilisha" na "Rudi" vimebanana kama mapacha tumboni,
na kidole changu ni kinene, cha mtu aliyekulia kukamua.
Niliwasilisha karatasi tupu.
Mashine ikanishukuru.

Mwingine, hakika ni Ganzorig wa chumba cha pembeni:
mtandao bwenini unaishia dirishani,
nje ni thelathini chini ya sifuri;
nikafungua kioo, nikatoa mkono,
nikajibu maswali ya moyo na mishipa
huku vidole vikisahau kwamba vina damu.

Lakini yupo aliyeandika taratibu, bila kulalamika:
Mwanangu alikuwa amelala begani.
Sura ya tatu nimeirudia mara sita.
Darasani nisingethubutu kuuliza mara ya pili.
Mashine haikuguna, haikutazama saa,
haikuniambia nirudi nyumbani nikalee.
Huyo katia tano.
Huyo simjui, na nimeridhika kutomjua.

Kisha Dulmaa.
Niliandika figo!!! Swali lilitaka figo!!!
Mashine ikasema si figo.
Nikafungua jibu lake. Kweli, figo ipo,
na baada yake ipo nafasi moja,
nyeupe juu ya weupe,
kidole gumba kilipopumzika kidogo.
Kwa pumzi hiyo nilimnyima alama mbili.

Jaribio nilitunga mimi. Nilijipima nalo Septemba,
ofisini, kioo kipana, miguu kwenye kikanza.
Nami ningetia tano.

Usiku huu nimevaa glavu, nimeshuka hadi kituo cha basi
na simu ya binti yangu iliyopasuka uso.
Kufika swali la saba nataka "Rudi".
Mashine inanishukuru.

Napanda ngazi. Naandika mstari mmoja wa maagizo:
ukikuta nafasi baada ya neno, iache ipite.
Mstari mfupi. Umechelewa miezi minne.
Mashine inasahihisha upya, bila aibu,
na alama za watu tisa zinapanda:
Dulmaa, na wengine wanane.

Wanane hawakulalamika popote.
Labda waliamini kwamba hawaijui figo.