Mpiga Chapa wa Balozi

Miaka thelathini na mmoja vidole hivi
viliandika sauti ya Sibtain Qizilbash:
yeye akikata zulia hadi dirishani na kurudi,
mimi, Yaqub Masih, nimempa mgongo,
nikijua kwa mlio wa viatu vyake
kama sentensi inakaribia nukta.

Ankara alikuwa katibu wa tatu, mbebaji wa mikoba.
Vienna alijifunza kucheka kiasi,
kisha kunyamaza bila kumuudhi mtu.
Geneva siku kumi na tisa zilikwisha kwa neno moja:
waandike "mpaka" au waandike "mstari"?
Chai ilipoa, wakalimani wakakauka makoo,
na alfajiri ya ishirini wakaliacha pengo,
funika kombe mwanaharamu apite.
Nililipiga chapa pengo lile.
Nafasi kumi na mbili, nilizihesabu.

Hata barua za nyumbani alinisomea niandike.
"Mpendwa Durdana, tumepokea yako ya tarehe tatu."
Tumepokea! Kama serikali.
Nikaandika "nimepokea", naye hakuona,
au aliona.
Ndivyo nilivyoanza.

Walipomrudisha Islamabad kuwa mshauri
tulipewa chumba kinachotazama karakana ya magari.
Picha ukutani ilibadilishwa mara nne,
msumari ulikuwa ule ule.
Kila mwezi Machi miforsadi ikimwaga vumbi lake
alipiga chafya katikati ya mambo ya nje,
na nyaraka zetu zilipanda ghorofani zikishuka
na duara la kikombe juu ya aya ya pili,
dalili pekee kwamba kuna mtu alizigusa.
Alikuwa bingwa wa kuuma na kupuliza.
Mimi nilikuwa pumzi.

Sasa niseme la usiku ule.

Hakutembea. Alisimama nyuma ya kiti changu,
nikasikia harufu ya dawa ya kikohozi.
Akasema: "Andika. Msiwapeleke vijana kule.
Mlima hautawarudisha."
Basi. Hakuna "kwa heshima", hakuna "pamoja na hayo".
Nilikuwa na watoto watatu shuleni,
na mtu mwenye jina kama langu, katika jengo kama lile,
huisikia milango kabla haijafungwa.
Vidole vikaandika vilivyozoea:
"Ingefaa suala la kuwapeleka vijana
litazamwe upya, wakati ukiruhusu."

Alivaa miwani. Akasoma.
Akanitazama, muda wa kutosha
kumwita mtu kwa jina lake.
Kalamu ilikuwa na wino.
Akatia sahihi.

Wakati haukuruhusu.

Walishushwa usiku, uwanja ukiwa umezimwa taa.
Mmoja alikuwa mtoto wa Gulzameen, dereva wetu,
ambaye baada ya arubaini alirudi kazini
akatubeba sote wawili kila asubuhi,
redio imezimwa,
akifunga breki kwa upole kwenye kila tuta
kama aliyepakia mayai.
Hakuuliza kilichoandikwa.
Dereva haulizi.

Balozi alipostaafu alikuja kwangu mara moja kila Krismasi
na boksi la halwa ya karoti.
Tuliongea kuhusu figo, na bei ya gesi.
Mwaka jana, mlangoni, fimbo mkononi, alisema,
"Yaqub, ulikuwa na chapa safi sana,"
na hadi leo sijui kama ile ilikuwa sifa.

Jana wamemzika Quetta, kwao.
Binti yake Mahrukh amenipigia simu:
"Mjomba, tuandikie tangazo la gazeti, wewe unaijua lugha yake."
Naijua. Alilitumikia taifa kwa hekima,
katika nyadhifa mbalimbali, ameacha mjane.
Limekwenda. Halina kosa.

Kisha nikatia karatasi nyingine kwenye mashine,
nikaandika mistari miwili, kama ilivyosemwa,
miaka kumi na saba baada ya siku yake.
Chini nimeacha nafasi ya sahihi.
Nimeipima kwa jicho:
inatosha watu wawili.