Irabu ya Kwanza

Irabu ya kwanza ndiyo inayodai kinywa chote.
I waweza kuitamka ukitabasamu,
u unaipuliza kama chai,
lakini a ni mlango wa zizi:
usipofunguka, ng'ombe wanalala nje.

Mwezi wa saba, darasa la kwanza B,
tunarudia irabu baada ya likizo, manyunyu juu ya bati,
nikafungua kinywa kuwaonyesha watoto.
Taya likasema *ka!* kabla yangu.
Wakaitikia wote, sitini na watatu: "Ka!"
Lugano wa dawati la mbele akauliza,
"Mwalimu, na hiyo tunaiandika?"

Nilidhani ni baridi.
Tukuyu mwezi huo kila taya linacheza,
hata la mchungaji akitoa baraka.
Kisha maumivu yakapanda sikioni, yakashuka shingoni,
yakahamia jino la nyuma kama mgeni asiyeaga.
Nikaling'oa.
Lilikuwa jino zima, jeupe, halina kosa.
Nimelitunza kwenye kikopo cha chaki;
nikikifungua najiona hakimu
aliyemfunga asiyehusika.

Mtabibu wa kinywa, binti mdogo, Tusekile,
aliweka vidole viwili mbele ya masikio yangu
kama mtu anayesikiliza ukuta.
"Fungua. Funga. Peleka kushoto."
Akachora nyuma ya kadi: hapa bawaba,
na katikati yake kipande cha gegedu,
"kama kata kati ya kichwa na ndoo.
Kata yako inateleza, mwalimu.
Huo mlio ni ndoo inarudi mahali pake."

Akauliza kama usiku nasaga meno.
Sikujua. Nikilala, mimi sipo.
Nikamuuliza Ambakisye.
"Mwaka mzima," akasema,
"nikadhani ni panya kwenye mahindi."

Mwaka mzima.
Nikahesabu: ni tangu mshahara ulipoanza kufika umeng'atwa,
mkopo wa miche ya parachichi,
sahihi yangu, shamba lake,
na miche ikafia kwenye maji yaliyotuama.
Sikusema kitu. Kwetu mke mwenye haya huuma meno,
nami niliutii msemo huo neno kwa neno,
tangu saa nne usiku hadi jogoo.

Dawa hazikuwa nyingi. Vidonge vya siku tano.
Kitambaa cha maji moto shavuni, jioni.
Muwa, hapana; mahindi ya kuchoma, hapana;
ndizi zipikwe mpaka zikubali.
Kidevu kisiegemee mkono ninaposahihisha madaftari,
na mwayo ukija niushike kwa chini, usinitoroke.
"Midomo ikutane, meno yasikutane," alisema,
"na ncha ya ulimi ikae pale juu,
kama unayetaka kusema *ndaga*
na hujaanza."

Basi wiki nane nilitembea na shukrani isiyotoka,
sokoni, ofisi ya walimu, foleni ya maji,
nd, nd,
ulimi umeegemea dari.

Jumapili moja tukimenya ndizi, utomvu mikononi,
nikamtajia Ambakisye lile deni, tarakimu kwa tarakimu,
kisha nikamwambia nina hasira.
Hasira ina a mbili. Zote zilifunguka.
Hakujibu. Aliendelea kumenya
hata ndizi ambazo hatukuzihitaji.
Jumanne pikipiki yake haikuwepo uani,
na mezani palikuwa na bahasha.
Haikutosha. Ilifika nusu.
Nikaushusha ulimi,
nikalimalizia lile neno.

Taya bado linalia, asubuhi za ukungu hasa.
Tusekile anasema kulia si ugonjwa, kuuma ndio ugonjwa;
linalolia bila kuuma, liache liongee.
Darasani tumefika kwenye silabi.
Lugano aliiandika *ka* kabla sijaifundisha,
na mkia wa a akauvuta, akauvuta,
mpaka ukatoka nje ya daftari.