Nyumba ya Tisa, Igombe

Nikauliza, kalamu mkononi:
nani hulala ndani ya chandarua?
Mama Holo akatazama mlango.
"Mwenye nyumba."
Na usiku mwenye nyumba yuko wapi?
"Ziwani. Na karabai zake. Dagaa."

Tukanyamaza.
Kwenye kipimo mstari wa pili ukajitokeza polepole,
kama mgeni anayeogopa kupiga hodi.

Mimba ya miezi sita, mkeka, mbu.
Kitandani chandarua kimechomekwa pembe zote nne,
kinalinda mto.

"Dawa nitameza akiniruhusu."

Lugata akavaa ndala.
"Namfuata mwaloni. Mimi na yeye tutaelewana,
au tutagombana, yote sawa."

Sikuandika hilo.
Nilikuwa juu ya stuli, nafungua kamba,
na maji nilishamimina kikombeni.