Mshale Mfupi

Dukani kwangu Tornio mna saa mbili ukutani,
moja ya Ufini, moja ya Uswidi.
Wateja hunicheka. Mto wenyewe, wanasema,
unaweza kurusha jiwe ukampiga mbwa wa jirani,
likatua saa moja kabla hujalirusha.

Huwajibu kwa kidole:
tazameni mshale mrefu. Huu, na ule.
Dakika ya kumi na nne hapa, ya kumi na nne kule,
na ule mwembamba wa sekunde unakwenda sare
kama askari wawili wasiojuana majina.
Ugomvi wote wa mataifa ni wa mshale mfupi.

Babu yangu, Eetu Lantto, alikuwa karani wa stesheni
ng'ambo, Haparanda, ambako reli pana na reli nyembamba
zilikutana bila kupeana mkono.
Alisema zamani kila mji ulikuwa na adhuhuri yake:
seremala wa mashariki ameshaweka nyundo chini, anakula,
wa magharibi bado anapiga misumari,
na hakuna aliyekuwa mwongo.
Kisha treni ikaja, na treni haina subira
na jua la kila kijiji.
Ikabidi dunia ikatwe kama mkate wetu mweusi,
ule wa mviringo wenye tundu katikati
(tundu ndiyo ncha ya kaskazini, si mbali na kwetu),
vipande ishirini na vinne,
vingine vimeparuliwa pembeni na meno ya wanasiasa.

Siku hizi, kwenye vyumba vya chini vya miji ya mbali,
atomu za sesiamu hutetemeka mabilioni kwa sekunde
wala hazijui Jumatatu ni nini.
Hesabu yao husafiri hadi simu ya mtoto wa shule,
hadi rubani, hadi benki, hadi benchi langu la kazi.
Kila nchi huongeza saa zake, au hupunguza,
India na nusu, Nepali na robo tatu, wana sababu zao,
lakini sekunde haipunjwi na mtu.

Nilidhani nimeelewa.

Kisha Januari ile, theluji kavu ikilia chini ya viatu,
muuguzi wa zamu akanipigia:
dada yako Taimi, saa sita na dakika ishirini usiku,
tarehe kumi na tisa.
Nikavuka daraja kwa miguu kumwambia mumewe.
Börje alifungua mlango akiwa na soksi moja.
Nikamwambia. Nikamwambia na saa.
Akageuka, akatazama saa ya jikoni:
saa sita kasoro dakika tano.
"Basi bado," akasema. "Bado dakika ishirini na tano.
Keti."

Mimi ni fundi. Ningeweza kumsahihisha.
Nilikaa. Akachemsha kahawa,
akaniuliza kama Taimi amekula vizuri jioni,
nikasema amekula, samaki kidogo, viazi viwili.
Tukazungumza habari zake kwa wakati uliopo,
hadi mshale mrefu ukashuka, ukagusa ishirini,
na Börje akaweka kikombe mezani
kwa uangalifu mkubwa, kama kitu cha watu.

Saa ile haikukosea hata nukta.
Sisi ndio tuliokopa.

Jiwe la kaburi lina tarehe ya Ufini.
Börje hakubisha. Ila kila mwaka huwasha mshumaa
tarehe kumi na nane, saa tano na ishirini usiku,
nami nawasha wangu hapa, dirishani,
tarehe kumi na tisa, saa sita na ishirini,
na juu ya barafu ya mto njiti mbili huwaka pamoja.

Mwaka huu alichelewa dakika mbili.
Kiberiti, alisema, kilikuwa na unyevu.