Swichi ya Matanga

Mwarandu aliileta saa mbili asubuhi,
pikipiki pana kama kitanda cha arusi,
ya Mtaliano aliyefunga nyumba akarudi kwao.
"Spika zake zinanong'ona," akasema.
"Nikivuka daraja la Sabaki, nikifika themanini,
upepo unakula besi.
Nikifika mia, mwimbaji anafumba mdomo,
nabaki mimi na helmeti."
Anauza dawa za ng'ombe kutoka hapa hadi Garsen,
kilomita mia na ushei za lami na upweke.
Simlaumu mtu kutaka sauti.

Nilimvua kifua huyo mnyama, bolti kumi na nne,
mbili zimeshaliwa na chumvi.
Ndani, Malindi yote ilikuwa imehamia:
mchanga, buibui aliyekauka,
shaba imeota ukungu wa kijani kama mkate wa juzi,
koni za karatasi zimebonyea kama mashavu ya kibogoyo.
Niking'oa spika siziagi.

Watu wanadhani kazi ni kuongeza wati.
Wati ni mdomo; betri ndiyo tumbo.
Amplifaya ya chaneli nne, niliyoificha chini ya kiti,
ilitaka waya mnene kama kidole cha mtoto,
fyuzi jirani na betri (ukiiweka mbali umeualika moto)
na ethi kwenye chuma kitupu, rangi imeparuzwa,
la sivyo alteneta nayo itataka kuimba,
mluzi unaopanda kila ukivuta mafuta.
Spika mpya, inchi sita na nusu,
nikazilaza juu ya sponji ya godoro kuukuu
plastiki isije ikatetemeka, ikaongeza umbea wake.

Ng'ambo ya barabara Mama alikuwa akigeuza viazi karai.
Mama, aliyewajua Watikuu, hakujua wati.
Nilipojaribu besi, mafuta yake yakafanya viwimbi.
Akavuka na mwiko wenye matundu, unachuruzika:
"Na dude hilo likipita penye matanga?"
"Mama, sauti inapunguzwa."
"Kwa mkono upi? Ana breki, ana klachi,
ana mashimo ya kaunti ya kukwepa.
Atapunguza akishapita.
Mtilie kitu cha kidole gumba."

Nilinung'unika. Nilikuwa na kitufe kimoja tu,
cha kengele ya mlango, nilichokiokota kwenye hoteli iliyovunjwa.
Ukikibonya, kimya. Ukikiachia, kelele.
Yaani kunyamaza kwenyewe ni kazi,
adabu inayochosha kidole.
Mwarandu alicheka. Sikumtoza hela ya kitufe.

Wiki sita baadaye, Jumanne,
Mama hakugeuza viazi.

Nilikuwa kwenye mkeka, nikipokea mikono ya watu,
nilipoisikia kutoka kituo cha mafuta:
besi yangu,
niliyoipima mwenyewe, ninayoijua
kama mtu ajuavyo kikohozi cha nyumbani.
Halafu ikakatwa.
Haikufifia. Ilikatwa.
Kilichoingia mtaani kwetu kilikuwa injini, gia ya kwanza,
polepole, mlango kwa mlango,
na penye kona injini nayo akaizima,
akaisukuma, kilo mia tatu na zaidi,
mpaka kwenye ukuta wa jirani.

Akavua viatu. Akaketi. Hakusema neno.
Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa na duara jekundu,
ukubwa wa kengele ya mlango.

Siku ya tatu, tulipoanua tanga,
nilimsindikiza hadi ukutani.
"Washa," nikamwambia.
Akaniangalia.
"Washa tu."
Akawasha, sauti ya mbili, labda ya tatu.
Nikainama, nikatega sikio.
Twita ya kulia ilikuwa inakwaruza kidogo.
"Niletee Jumatatu," nikasema.