Herufi Tatu

Jumanne jioni, ukumbi wa nyuma ya kanisa, Makadara,
Mwalimu Opiata aliandika ubaoni herufi tatu
kutoka kulia kwenda kushoto.
Beti. Reshi. Kafu.
Akajifuta chaki kwenye suruali.
Hapa, akasema, Waebrania walipata baraka.
Hapahapa wakapata goti.
Na hapahapa, ukigeuza irabu kidogo tu,
birika, lile la kutekea maji.
Sisi wanafunzi saba tukacheka,
maana birika tunalo hata sisi,
langu mpini wake umefungwa kwa waya.

Nilirudi Kayole na neno hilo, sikumwambia mtu.
Mama alikuwa sakafuni.
Hukanda akiwa amepiga magoti,
ndivyo alivyofunzwa kwao Nyamira,
beseni la bluu mbele yake, ngumi zikizama
na kuibuka, zikizama,
unga kilo nne, chapati hamsini na mbili
kama hakuna mtoto aliyepita karibu.
Beseni lilipasuka mwaka juzi.
Alichoma kisu, akayeyusha kipande cha ndoo,
akaziba ufa. Kovu lake ni jekundu.

Watu wale wa kale, Mwalimu alitueleza,
baraka yao haikuanzia hekaluni.
Ilitumwa jikoni: ikakae kapuni,
ikakae kwenye chombo cha kukandia,
imkute mtu akiingia, imkute akitoka.
Nikatazama lile kovu jekundu
nikataka kuuliza kama na plastiki inahesabiwa.

Lakini mzizi huo una mwiba.
Mwandishi mmoja wa zamani zile
aliona haya kuweka neno "laani" karibu na jina la Mungu.
Akaandika "bariki" mahali pake
akamwachia msomaji ajue mwenyewe.
Wenzangu walikunja nyuso. Mimi nilielewa upesi.
Februari tulipochelewa kodi,
Gichohi, msimamizi wa ploti,
alitia kufuli lake juu ya kufuli letu,
akasema, "Haya, mbarikiwe,"
akashuka ngazi akipiga mluzi.

Usiku ule tulilala kwa Kavindu.
Watu sita, chumba futi kumi kwa kumi,
na jiko bado lina joto.
Kavindu hakutubariki hata kidogo.
Alisema: sogezeni miguu.
Alisema: mnaokoroma mlale upande wa mlango.
Asubuhi alisema: nani amemaliza sukari?
Hakuna aliyejibu.

Kuna jambo moja lilinisumbua, nikanyoosha mkono.
Kwamba Mungu anatubariki, sawa,
ana mvua, ana mimba za ng'ombe, ana miaka ya kugawa.
Lakini imeandikwa pia kwamba mtu humbariki Mungu.
Kwa nini? Tuna nini sisi
ambacho kwake kimepungua?
Mwalimu alitazama ubao, akatazama saa.
Akasema, tutaendelea Alhamisi.

Alhamisi sikwenda.
Alhamisi ndiyo siku ya maji Kayole, yakitaka kuja,
na safari hii yalikuja saa kumi na mbili na robo,
yakikohoa kwanza, yenye rangi ya chai nyepesi.
Watoto walipiga kelele ngazi nzima.
Mama alinitupia madumu manne
mikono yake ikiwa na unga hadi viwikoni.

Mfereji wa ploti uko chini sana,
fundi aliufunga karibu na sakafu,
hakuna anayejua kwa nini.
Huwezi kukinga ukiwa umesimama.
Kwa hiyo sote, foleni nzima,
Gichohi naye na ndoo yake nyeupe yenye mfuniko,
mmoja baada ya mwingine
tulishuka, goti kwenye simenti iliyolowa.

Zamu yangu ilipofika
niliipata baridi ile kupitia sketi,
nikasahau Kiebrania chote.
Dumu la kwanza lilikuwa halijafika nusu
Kavindu akanigusa bega. Alikuwa na sufuria tu.
"Wewe uliyemaliza sukari," akasema, "nipishe."
Nikampisha.